Kuchora ukuta wa diko na wanakijiji, hatua kwa hatua

Haya, wengi mmeniuliza tunafanyaje hizi kuta za madikoni, pale vyombo vya wavuvi vinapofikia na samaki kunadiwa, huku kusini Unguja, rangi isibanduke na wenyewe waupende ukuta wao, basi naandika yote hapa.

Hatua ya 1. Rangi baadae, kwanza nenda kwa sheha, kiongozi wa mtaa, yeye atakupeleka kamati ya wavuvi. Halafu kaa. Kaa kweli, asubuhi mnadani, jioni barazani, siku kumi hivi bila hata penseli, maana ule ukuta una watu wake, wapo wanaoegemea, wapo wanaoshona nyavu, kuna mama anaanika dagaa pale kila siku na wewe ukipaka tu ushamfukuza.

Hatua ya 2. Kikao. Angalia mwezi! Siku za bamvua maji yanatoka mbali, wanawake wote wako pwani kwenye mwani na pweza, ukiita kikao siku hiyo utapata wanaume watupu. Mimi nilifanya kosa hilo na mpaka leo linaniuma. Subiri maji mafu, siku ambazo maji hayatoki mbali. Na cha kuchora kitoke kwao, ile Flipflopi, dau la Lamu, iliundwa na mafundi wa madau wenyewe kwa plastiki iliyookotwa, na 2019 ikatweka mpaka Zanzibar, watu walielewa bila mahubiri kwa sababu ni chombo wanachokijua.

Hatua ya 3. Pima ukuta. Bandika kipande cha nailoni, ziba kingo zote kwa selotepu, uache usiku kucha. Asubuhi ukikuta jasho kwa ndani, rangi ya mafuta sahau, kuta zetu za zamani ni mawe na chokaa, ukiziziba unyevu unasukuma chumvi nje na rangi inatoka magamba magamba. Tumia chokaa. Loweka wiki mbili tatu, chuja kwa kitambaa, tia rangi ya unga, iwe nyepesi kama maziwa, lowesha ukuta halafu paka koti tatu nne nyembamba, asubuhi kabla jua halijaupiga. Ikikauka inapauka sana so jaribu pembeni kwanza. Vaa glavu na miwani, chokaa inaunguza macho, watoto wasichanganye kabisa. Msimu mzuri ni Januari na Februari, kusi likianza upande huu wa mashariki chumvi inarushwa mpaka ukutani.

Hatua ya 4. Chora kwa mkaa, saizi yake kamili, uache siku mbili watu waseme. Sisi tulichora ngalawa imetweka, mzee mmoja nahodha akasimama kimya weee, kisha akaweka kidole kwenye bendera ya mlingotini: "Mwanangu, bendera inakwenda kushoto, tanga limejaa kulia, pepo mbili hizi zimetoka wapi?" Tukafuta kwa kitambaa kibichi, akashika mkaa mwenyewe akalaza foromali, ule mti unaoshika tanga, inavyotakiwa, na kesho yake akaja na wenzake watatu.

Hatua ya 5. Kupaka ni siku tatu nne tu. Vijana wa pale walipe, na mama wa chakula pia.

Hatua ya 6. Chokaa iliyobaki iache ndooni maji yaifunike juu, haiharibiki, kabidhi kamati na brashi mbili. Kila baada ya masika wanarudishia. Ukuta wetu wa ngalawa ushapakwa mara mbili, mara ya pili hawakuniita, nimepita kununua samaki, changu, nikakuta wanawake wameongeza pweza chini ya chombo, mikono yote minane.