Kazi huku, GPA huku: jinsi ya kupanga saa zako chuoni

Mwanafunzi anayefanya kazi huku anasoma mara nyingi haangushwi na uchovu. Anaangushwa na kalenda: testi imegongana na zamu, yeye kaenda kwenye zamu. Kwa hiyo kabla ya kutafuta kazi, piga hesabu.

Katika vyuo vikuu vya Tanzania krediti moja ni saa 10 za masomo, ukijumlisha lekcha, semina na kujisomea. Muhula wa krediti 60 ni saa 600. Zigawe kwa wiki 17, unapata kama saa 35 kwa wiki. Hizo ni za chuo. Kazi ipe saa 10 hadi 12, yaani jioni mbili na Jumamosi. Muhula wa kwanza wa mwaka wa kwanza usifanye kazi kabisa ikiwa bumu (pesa ya kujikimu ya mkopo) linakutosha, maana bado hujajua kozi zipi zinakula muda.

Sasa ona kozi moja ina uzito gani kwenye GPA, yaani wastani wa pointi zako kwa kila krediti. Digrii ya miaka mitatu ni krediti 360. Kozi ya krediti 12 ukipata A (pointi 5) inakuingizia 60, ukipata C (pointi 2) inakuingizia 24. Umepoteza 36, na 36 kwa 360 ni 0.1. Ni kidogo, mpaka uwe na 3.5 ambayo ndiyo mlango wa daraja la pili la juu, ukashuka 3.4. Na sapu (mtihani wa marudio), hata uifanye vizuri namna gani, kwa kawaida huandikwa C. UE (mtihani wa mwisho wa muhula) uliyoikosa kwa sababu ya kibarua cha siku moja inaweza kukugharimu hata zaidi.

Wiki ya kwanza ya muhula chukua mpangilio wa kila kozi, andika tarehe za testi, kazi za makundi na UE kwenye karatasi moja. Wiki zenye testi mbili zipige duara jekundu: hakuna zamu. Mwonyeshe mwajiri karatasi hiyo siku ya makubaliano. Bosi anayenuna kabla hujaanza atanuna zaidi ukishaanza.

Pambania CA (alama za testi na kazi za muhula) mapema. Pale ambapo CA ni 40 na UE ni 60, na A inaanzia 70, mwenye 28 anahitaji 42 kwenye UE. Mwenye 18 anahitaji 52, na hizo hazipatikani kwa kukesha siku mbili.

Kazi yenyewe ichague kwa namna inavyolipa. Inayolipwa kwa kipande (kufundisha tuisheni, kukusanya data, kufunga hesabu za duka) unaweza kuisogeza. Zamu za usiku zinakula lekcha ya saa mbili asubuhi, na unajikuta unaomba notsi kila wiki. Anayesoma uhasibu akifunga hesabu za duka la vifaa vya ujenzi kila Jumamosi anapata cha kuongea kwenye usaili. Kusimama kaunta tu hakumpi.

Fildi (mafunzo kwa vitendo ofisini) ndiyo uzoefu usiogusa mihadhara, kwa hiyo usiifanye kwa mazoea. Peleka barua Februari au Machi, ofisi tano au zaidi, mwenyewe hadi masijala, na rudi na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa. Logibuku (daftari la kazi za kila siku za fildi) ijaze kila jioni. Usiandike "nilimsaidia mhasibu." Andika: "Nililinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki ya Juni, hundi 43, tatu hazikuonekana benki." Anayejaza wiki nane kwa usiku mmoja hujulikana, kwani kalamu ni ileile na sentensi ni zilezile. Ukiwa na sapu inayoangukia wakati wa fildi, iambie ofisi siku ya kwanza.

Je, GPA ipi inatosha? Anayetaka kubaki chuoni kufundisha aulinde mstari wa 3.8. Asiye na nia hiyo, akishavuka 3.5 kwa nafasi, saa za ziada azipeleke kazini. Aliye chini ya 2.7 asimamishe kazi muhula mzima.

Siku unayoacha kazi, omba barua papo hapo: tarehe ya kuanza na kumaliza, ulichokifanya, sahihi, mhuri na namba ya simu. Ukirudi baada ya mwaka, msimamizi aliyekufahamu huenda keshahamishwa.