Kiraka kibovu kwenye kompyuta za ofisi: namna ya kukitoa bila kupoteza data

Microsoft hutoa viraka vya Windows, yaani apdeti za kurekebisha makosa na kuziba mianya, Jumanne ya pili ya kila mwezi. Kwa saa zetu hufika saa mbili au saa tatu usiku, ofisi za Nkrumah Road na Moi Avenue hapa Mombasa zikiwa zimeshafungwa. Ndiyo maana shida huonekana Jumatano asubuhi: kompyuta haiwaki, au inawaka lakini printa haichapi, na mwenye mzigo Kilindini anasubiri hati. Hapo wengi hukimbilia kuzima apdeti zote. Tafadhali msifanye hivyo. Toeni kile kimoja kilichoharibika, vingine viendelee kulinda mashine.

1. Hakikisha kosa ni la kiraka. Fungua "Settings", kisha "Windows Update", kisha "Update history". Andika kwenye karatasi namba inayoanza na KB na tarehe kilipoingia. Shida ikiwa ilianza kabla ya tarehe hiyo, tafuta kwingine. Halafu linganisha na kompyuta nyingine yenye KB ileile, ikifanya kazi ileile. Machi 2021, KB5000802 ya Windows 10 iliangusha kompyuta kwa skrini ya bluu yenye maneno APC_INDEX_MISMATCH, pale tu mtu alipobonyeza kuchapa, tena kwa baadhi ya printa. Ukijaribu kwa kuwasha mashine na kufungua barua pepe tu, utasema kila kitu ni kizima.

2. Shika mkononi ufunguo wa BitLocker, kufuli la Windows linalofunga data ya diski. Una tarakimu 48. Mashine ikiingia sehemu ya ukarabati inaweza kuudai, na usipokuwa nao utakwama hapo hapo.

3. Nakili data. Funga programu ya hesabu kwenye mashine zote, kisha nakili folda yake nzima kwenye diski ya nje. Ukinakili huku mtu bado anaingiza ankara, nakala inaweza isifunguke.

4. Kitoe. Kompyuta ikiwaka, fungua Command Prompt (dirisha la kuandikia amri) kama msimamizi uandike:

`wusa /uninstall /kb:5000802 /norestart`

(weka namba yako), kisha iwashe upya wakati hakuna anayeitumia.

Isipowaka, iwashe, na nembo ya Windows ikitokea shikilia kitufe cha kuwashia mpaka izime. Fanya hivyo mara mbili; mara ya tatu itafungua sehemu ya ukarabati. Chagua "Troubleshoot", "Advanced options", "Uninstall Updates", kisha "Uninstall latest quality update". Usiguse "feature update" kwa kubahatisha: hiyo hurudisha toleo zima la Windows, na kwa kawaida muda wake ni siku 10 tu.

Kama stima ilipotea katikati ya apdeti, kiraka kimeingia nusu. Kwenye Command Prompt ya ukarabati andika:

`dism /image:C:\ /cleanup-image /revertpendingactions`

Kwanza andika `dir C:\` uone kama folda ya Windows imo, kwani huku herufi za diski hubadilika. Huenda ikawa D; basi weka D badala ya C. Na skrini ikisema "Undoing changes", iache hata saa nzima. Kuizima hapo ndiko kunakoharibu mashine iliyokuwa inajiponya.

5. Simamisha apdeti kwa muda. Bonyeza "Pause updates", hadi siku 35. Bila hivyo kiraka ulichokitoa mchana kitarudi usiku. Kwa miezi ijayo, acha kompyuta moja ipokee wiki moja kabla ya wenzake, nayo iwe inayochapa na kutoa ankara kila siku.

Si kila kiraka hutoka Microsoft. Tarehe 19 Julai 2024 faili ya CrowdStrike, kampuni ya programu za ulinzi wa kompyuta, iliangusha takriban kompyuta milioni 8.5 za Windows duniani. Ilitumwa saa 1:09 asubuhi kwa saa zetu ikaondolewa saa 2:27, kwa hiyo mashine iliyoingia mtandaoni baada ya hapo haikuguswa. Dawa ilikuwa kuwasha kwa "Safe Mode" na kufuta faili `C-00000291*.sys`. Kutoa KB hapo kusingesaidia kitu.

Maswali

*Swali, Changamwe: Fundi, wusa inakataa kutoa. Nifanyeje?*

Kiraka cha mwezi siku hizi hufungwa pamoja na kile kinachohudumia apdeti zenyewe, na hicho cha pili hakitoki. Andika `dism /online /get-packages | findstr RollupFix`, nakili jina lenye toleo jipya zaidi, kisha `dism /online /remove-package /packagename:` ukifuatisha jina hilo bila nafasi.

*Swali, Likoni: Kaka, mashine inadai tarakimu 48 na bosi hajui lolote.*

Tumia simu, ingia aka.ms/myrecoverykey kwa akaunti ya Microsoft iliyotumika kuianzisha kompyuta. Linganisha "Key ID" na iliyo kwenye skrini. Kama mashine imeungwa na seva ya ofisi, msimamizi aangalie kwenye Active Directory, orodha ya seva ya akaunti na kompyuta za ofisi. Ufunguo usipopatikana popote, data ya diski hiyo haifunguki; msimlipe mtu anayedai ataifungua.

*Swali, Tudor: Printa tunayogawana inatoa 0x0000011b.*

Kosa hilo lilienea Septemba 2021, ulinzi wa uchapishaji ulipokazwa. Wengi huzima mpangilio wa ulinzi uitwao RpcAuthnLevelPrivacyEnabled kwenye rejista (hifadhi ya mipangilio ya Windows), lakini huko ni kufungua mlango uliozibwa. Apdeti mashine zote mbili, yenye printa na inayoomba kuchapa. Kama printa ina waya wa mtandao, iunge kila kompyuta moja kwa moja kwa anwani yake ya IP.

*Swali, Nyali: Dada yangu wa uhasibu alirudisha programu ya zamani, sasa haifungui data.*

Toleo jipya lilishabadilisha muundo wa data. Irudishe nakala ya folda ya data, kama ile ya hatua ya 3, iliyochukuliwa kabla ya toleo jipya kuingia, kisha muingize upya ankara zote za baada ya nakala hiyo. Kabla ya kufanya hivyo, chapeni orodha ya ankara hizo kutoka toleo jipya, maana baadaye hamtaweza kuziona.