Jinsi ya kuanza kumsikiliza Sharon Jones

Sharon Jones ni mwimbaji wa soul na funk (muziki wa watu weusi Marekani), wengi wanamjua kwa nyimbo mbili tatu alafu wanaishia hapo, inaniuma kweli maana huyu mama ni wa kusikiliza kwa mpangilio.

Kwanza ujue alikotoka. Kazaliwa 1956 Augusta, Georgia, akakulia Brooklyn, akaimba sana kanisani na kwenye harusi ila kampuni za muziki zilimkataa, mara mfupi, mara mnene, mara mweusi sana, mara umri umeenda. Basi akawa askari magereza kule Rikers Island, akalinda na magari ya kusafirisha pesa. 1996 ndo akaitwa studio kumwitikia mwimbaji wa soul Lee Fields, waitikiaji walitakiwa watatu akatokea yeye peke yake, akaimba sauti zote. Albamu ya kwanza na bendi yake ya Dap-Kings imetoka 2002, ana miaka 46!

Sasa anza na albamu ya Naturally ya 2005. Tumia spika nzuri au hedifoni, spika ya simu inaua besi na funk bila besi hakuna kitu. Raundi ya kwanza fuata besi na dramu tu, hawa jamaa wa Dap-Kings walikuwa wanarekodi kwenye tepu kama zamani (na ndo hao hao wamepiga kwenye albamu ya Back to Black ya Amy Winehouse, kwahiyo sikio lako pengine linawajua tayari). Raundi ya pili mfuate mama, skia anavyotupa neno tarumbeta zinamjibu.

Ingia 100 Days, 100 Nights ya 2007. Wimbo wenye jina hilo unaenda vizuri tu, katikati anasimamisha bendi wanarudi taratibu, hapo usiruke mbele. Alafu tafuta video za laivu, anavua viatu, anaita watu wapande jukwaani wacheze nae.

Albamu ya Give the People What They Want ilikuwa itoke 2013, akakutwa na kansa, ikasogezwa hadi Januari 2014. Angalia video ya Stranger to My Happiness, kichwa hakina nywele sababu ya matibabu na anaimba vile vile.

Soul of a Woman iache ya mwisho kabisa. Ilitoka 2017, yeye alifariki Novemba 2016, na ukiianza hiyo kabla ya zingine utaskia huzuni tu utakosa nguvu yake.

Ukimaliza zote mtafute Charles Bradley, mwimbaji mwingine wa soul wa lebo ile ile ya Sharon, Daptone, albamu ya kwanza katoa 2011 akiwa na miaka 62.