Jinsi ya kuongea maneno ya wazee bila kuonekana unaigiza, hasa ukiwa Mwanza

Vijana wengi siku hizi wamependa maneno ya kizamani, masalale, thubutu, alhasili, sina hata thumni, na wala sio vibaya, yanakoleza stori. Shida wengi wanayamwaga tu hovyo, unamkuta mtu kijiweni Kirumba anaongea kama taarifa ya habari ya Redio Tanzania enzi zile, wenzake wanamwangalia tu. Haya maneno yana wenyewe na mahali pake, na karibu yote yanataka wa upande wa pili ajue kuitikia, asipojua basi umebaki unaongea na ukuta.

Anza na ya mshangao kwa sababu hayo hayahitaji jibu. Masalale, loh, ebo, lahaula, thubutu. Ila kila moja lina kazi yake usiyachanganye. Masalale ni la kitu kikubwa, umeshuka mwaloni unakuta sangara kabebwa na watu wawili (siku hizi nadra lakini bado wapo), hapo masalale inakaa vizuri. Ebo ni la mtu mzima anayekemea, sasa we kijana wa chuo ukimwambia konda "ebo!" atakucheka kutoka Nyakato mpaka Buhongwa. Thubutu ni la kubisha na linatakiwa kusimama lenyewe, mtu anakwambia eti hela yako atakulipa mwisho wa mwezi, we unasema thubutu, unanyamaza, unaendelea na chai yako. Ukianza kufafanua baada ya thubutu umeshaiharibu.

Halafu kuna hili la pwani na huku kwetu. Hewallah, taib, sabalkheri, chambilecho, haya ni matamu lakini ukiyatoa pale Mwaloni Kirumba kwenye magunia ya dagaa cha kwanza utaulizwa "we ni mtu wa Tanga?" Kama kweli ni wa Tanga au Unguja, au umelelewa kwenye nyumba wanayoyaongea, endelea, yako hayo. Kama umezaliwa Igoma na babu yako alikuwa mkulima wa pamba huko Magu, utaonekana umeazima. Ya kizamani ya huku ni mengine, ya Kisukuma. Asubuhi ni mwangaluka, mchana na jioni mwadila, hali ni mhola, asante ni wabeja. Hata kama we sio Msukuma, haya ni ya mji mzima.

Namna ya kuyatumia iko hivi. Unamfikia mama wa dagaa, mtu mzima, usianze na bei. Unasema "mwangaluka mayu" (mayu ni mama). Atajibu "mwangaluka, mhola?" na we unajibu "mhola". Hapo tulia kidogo, mwache akuangalie, mara nyingi ndo anaanza kukuuliza umetokea wapi. Kinachowaponza watu ni hapa, kwamba mama akishakuona umeitikia vizuri anakuachia Kisukuma chote kilichobaki na we huna neno la tano. Usibaki unachekacheka, sema mapema "Kisukuma changu kinaishia hapo mama", atacheka yeye, ndo sasa uulize sado shilingi ngapi. Akishapima omba nyongeza, ukiondoka toa wabeja. Mimi naamini kabisa ile nyongeza inakuwa nene zaidi kwa mtu aliyesalimia hivi kuliko anayekuja na "mambo vipi maza". Ila angalizo, Mwanza kuna Wakerewe, Wajita, Wakara, Wazinza, Wahaya, Wajaluo, Wakurya, sio kila mzee ni Msukuma, na wengine wanachoka kuchukuliwa hivyo kila siku. Kama hujui mtu ni wa wapi, shikamoo inamtosha kila mtu.

Shikamoo yenyewe sina haja ya kuifundisha, ila jibu lake ndo watu wanazingua. Mtoto wa jirani akikupa shikamoo we jibu marahaba, sio poa, sio "fresh dogo", hata kama inakuuma kuonekana umekua. Na wewe ukiwa hujui dada huyu umpe shikamoo au umuache (hawa wa thelathini na kidogo ndo wagumu, wengine wananuna), anza na "habari za saa hizi" utakuwa salama. Ukiitwa na mkubwa, mwanamke anaitika abee, mwanaume naam. Hii wengi wanaiona ya kizamani sana mpaka siku wako ukweni, mama mkwe anaita toka jikoni, mtu anajibu "nini?"

Sasa tufike kwenye ile ninayoipenda kuliko zote. Baada ya majeshi ya Idi Amin wa Uganda kuvamia Kagera, Novemba 1978 Mwalimu Nyerere alilihutubia taifa kuhusu kumpiga, na toka siku ile wazee wana ile kauli yake ya "sababu tunayo, nia tunayo, uwezo tunao", wanaipachika popote. Huku Kanda ya Ziwa ina uzito wake maana vita ilikuwa jirani, 1979 ndege ya Libya ilitumwa ipige Mwanza, ikakosa, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane yakaua swala. Kwa hiyo ukiitumia jua unachezea kitu ambacho kuna watu wanakikumbuka kwa masikio yao.

Inavyochezwa ni kwamba mbili za kwanza unazisema kwa sauti ya hotuba, taratibu, ya tatu unaivunja. Uko na washkaji mbele ya sato wa kukaanga pembeni ya ziwa, mfukoni kuna jero, unasema sababu ya kumla tunayo, nia ya kumla tunayo, halafu unanyamaza. Usiimalizie wewe. Mzee yeyote aliye meza ya jirani atakumalizia "uwezo ndo hamna!" na hapo mmeshakuwa marafiki, pengine na sato mnaongezewa. Kwenye kikao cha harusi inafanya kazi pia, uwezo unakuwa ndo kadi za michango. Za ukoo huohuo ni nduli (alivyoitwa Amin) na mhujumu uchumi, hii ya pili ilivuma sana 1983 wakati wa Waziri Mkuu Sokoine, leo inamfaa yule anayechota mboga mara mbili kabla wenzake hawajanawa. Nduli mimi simwiti mtu mbele ya mzee aliyepigana ile vita, tafuta lingine.

Kwenye vikao kuna wagonjwa wa aina nyingine, "kwa heshima na taadhima", "nichukue fursa hii adhimu", "itifaki imezingatiwa". Mko saba kwenye kikoba sebuleni kwa mama Neema, mtu anasimama anazingatia itifaki! Ndugu mwenyekiti inatosha, tena hiyo inapendeza, ina ladha ya enzi za Ujamaa na inamfanya mwenyekiti akae vizuri kwenye kiti.

Meseji za mapenzi nazo. Wazazi wetu waliandikiana barua za "mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu, ama baada ya salamu dhumuni la barua hii..." Hii ukiituma nzima nzima WhatsApp kwa mtu aliyevuka maji kwenda Nansio wiki iliyopita, mara moja, atacheka na ataiskrinishoti awaoneshe wenzake. Sharti dhumuni liwe dogo, kama kumuuliza kama mafenesi huko yameiva. Dhumuni likiwa kuomba hela ya luku utani umekufa. Na usiirudie asubuhi inayofuata tafadhali.

Ya msalani nitapita haraka. Kuchimba dawa ni ya safarini, basi la Dar likisimama porini, konda anatangaza, kila mtu anaelewa. Ukiwa kwa watu usiseme naenda kuchimba dawa, uliza msalani wapi, au uani kama ni nyumba ya kienyeji. Kujisaidia ni sahihi ila vijana watacheka, vumilia.

Msibani acha mbwembwe zote. Poleni sana, kaa chini, saidia kupanga viti.

Kipimo cha jumla, moja kwenye stori moja. Ukishatoa masalale usiongeze lahaula na alhasili humohumo, watu wanaacha kusikiliza stori wanaanza kukuhesabia maneno. Na sauti isibadilike, lipitishe kama ulivyopitisha mengine, wanaolikazia ndo wanaoonekana wanaigiza.

Ya hela ni mepesi. Sina hata thumni, sina hata ndururu, haya mpe anayekukopa, yanakataa kwa upole kuliko "sina", na mtu mzima hawezi kukung'ang'ania baada ya hapo. Ila usimpe konda wa daladala ya Nyegezi, yeye hana habari na thumni yako, atakushusha Mkuyuni na jua lote lile.