Namna ya kuandaa msafara wa baiskeli wa hisani wakati wa mvua, Mwanza

Mwongozo huu ni wa kikundi chochote, kiwe cha kanisa, msikiti, shule au kazini, kinachotaka kuchangisha fedha kwa kuendesha baiskeli kwenye vilima vya Mwanza katika miezi ya masika au ya vuli. Njia ninayoitolea mfano huanzia Nyegezi, hupita Buhongwa hadi Usagara, hushika barabara ya mchepuko ya kama kilomita 16 hadi Kisesa, kisha hurudi mjini kupitia Igoma.

Hatua ya kwanza: fomu ya ahadi. Ianze kabla ya kugusa baiskeli. Wengi huwaomba wafadhili waahidi kiasi fulani kwa kila kilomita, na hatari huanzia hapo. Katika msafara wangu wa kwanza tulifanya hivyo, na ngurumo zilipotukuta njiani, nusu ya waendeshaji walikataa kusimama kwa kuwa kila kilomita iliyoachwa ilikuwa dawa ya mgonjwa. Tangu hapo fomu yetu ina sentensi moja ya ziada: mfadhili anaahidi kiasi kamili kwa mshiriki atakayeanza safari, hata msafara ukisitishwa kwa sababu ya mvua. Wapo wanaosema jambo hilo linapunguza hamasa; mimi nimeona linapunguza majeruhi. Fedha zipokelewe kwa lipa namba ya kikundi, si kwa simu ya mtu binafsi, na taarifa ya msafara ifike mapema katika ofisi ya mkuu wa wilaya na kwa polisi wa usalama barabarani.

Hatua ya pili: baiskeli. Siku mbili kabla ya safari, kagua raba za breki, na zile zilizolika hadi mifereji yake haionekani zibadilishwe. Safisha rimu, kwa sababu tone la oili likichanganyika na maji hufanya breki kuwa pambo tu. Punguza upepo wa matairi kidogo ili yashike lami vizuri, lakini usizidishe, kwani tairi laini mno hupata pancha kwenye ukingo wa shimo. Kila mshiriki abebe tyubu ya akiba, maana gundi ya kiraka haishiki kwenye tyubu yenye unyevu, hata fundi awe hodari namna gani.

Hatua ya tatu: kushuka mteremko. Kupanda kunachosha, lakini kunakoumiza watu ni kushuka. Rimu ikilowa, raba hufuta maji kwanza ndipo ikamate, na wakati huo gurudumu linaendelea kuzunguka. Kwa hiyo, unapokaribia kilele, gusa breki zote mbili kwa wepesi, mara mbili au tatu, huku ukisikiliza: mwanzoni raba huteleza kimya, kisha hutoa mkwaruzo kama wa msasa juu ya mbao. Usianze kuteremka kabla hujausikia mkwaruzo huo. Maliza kupunguza mwendo kabla ya kona, baiskeli ikiwa wima, na ukiwa ndani ya kona achia breki uipite bila kuzikaba ghafla. Epuka mistari ya rangi barabarani, na usipite katikati ya dimbwi usilolijua, kwa sababu maji huficha shimo. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi ni mbaya kuliko zote, kwani huchanganya vumbi na oili iliyodondoka kwenye lami. Mahali ambapo magari hutoka njia za vijijini, utakuta udongo mweusi wa mbuga umesambaa barabarani. Huo hunasa kwenye madigadi hadi gurudumu hugoma kabisa, basi tembea na kijiti cha kuukwangulia.

Hatua ya nne: radi. Hesabu sekunde tangu mwanga uonekane hadi ngurumo isikike. Kila sekunde 3 ni kama kilomita 1. Sekunde zikiwa 30 au pungufu, msafara wote usimame na watu waingie ndani ya jengo au gari, kamwe si chini ya mwembe wala juu ya majabali. Safari iendelee dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Msimamizi asibishane na mtu yeyote juu ya jambo hili. Fomu ya ahadi ilikwisha kulimaliza.

Hatua ya tano: chakula na nguo. Michembe na matobolwa (viazi vitamu vilivyokaushwa), karanga na chai ya tangawizi pale Kisesa vinatosha. Nguo kavu zikae kwenye ndoo yenye mfuniko ndani ya gari la huduma.

Hatua ya sita: baada ya safari. Matope yasioshwe ziwani. Maji ya kina kifupi ukingoni yana konokono wanaoeneza kichocho, na vimelea vyake hupenya ngozi ya mtu aliyesimama tu majini akisugua cheni. Tumia maji ya bomba, kausha cheni, kisha uipake oili siku hiyohiyo, kabla kutu haijaanza. Ndani ya wiki moja wafadhili wapelekewe taarifa inayoonyesha kiasi kilichopatikana, kiasi kilichokabidhiwa, na, kama msafara ulisitishwa, mahali uliposimamia.