Namna ya Kuyatazama Maonyesho ya Elimu ya EPCOT Bila Kupitwa na Mambo Madogo

Wageni wengi wanaoingia EPCOT, bustani ya burudani na elimu iliyofunguliwa mwaka 1982 huko Florida, Marekani, hukiendea kibao cha maelezo moja kwa moja, wakakisoma nusu, wakapiga picha na kuondoka. Kazi yangu ni kuandaa maonyesho ya elimu na kuwatembeza wanafunzi ndani yake, na kwa maoni yangu kibao ndicho chenye habari chache kuliko vyote vilivyopo. Aliyejenga onyesho huweka sehemu kubwa ya maarifa yake ndani ya kitu chenyewe: katika idadi ya nguzo, katika mianya ya ukuta, au chini kabisa mahali ambapo macho ya mpita njia hayafiki. Kwa hiyo utaratibu ninaoufundisha huanza na kitu, na maandishi hufuata baadaye.

Hatua ya kwanza: chagua machache

Kabla ya kufika, teua maonyesho mawili au matatu tu na uyapangie saa za asubuhi, kabla watu hawajawa wengi. Mwenye kutaka kuona kila kitu kwa siku moja hatakuwa na muda wa kusimama, na kazi hii yote ni ya kusimama.

Hatua ya pili: kipe kibao kisogo, uulize kitu kinafanya kazi gani

Chukua tufe kubwa la Spaceship Earth, lenye kimo cha takriban mita 55, lililovikwa vipande 11,324 vya pembetatu. Karibu kila mgeni hulipiga picha, lakini ni wachache wanaojiuliza maji ya mvua yanakwenda wapi. Mvua za alasiri ni jambo la kawaida Florida kati ya Juni na Septemba, na ukiwa chini ya tufe hilo wakati inanyesha utaona kwamba halichuruzishi maji ovyo juu ya vichwa vya watu kama ambavyo umbo lake lingekufanya utarajie. Itazame mianya myembamba iliyo kati ya vipande hivyo. Maji hupenya humo, yakapokewa na mifereji iliyofichwa ndani, kisha yakaelekezwa hadi kwenye ziwa la World Showcase, sehemu ya EPCOT yenye mabanda ya nchi mbalimbali. Mwanya ambao ungedhani ni kasoro ya ujenzi umewekwa kwa makusudi.

Hatua ya tatu: shusha macho hadi chini, kisha uyapandishe hadi juu

Msongamano wa watu hutazama usawa wa macho tu, na ndiyo sababu mafundi huficha kazi zao bora penye msingi na penye paa. Mfano ninaoupenda kuliko yote upo katika banda la Japani. Lango jekundu lililosimama ukingoni mwa ziwa limejengwa kwa kufuata lango la hekalu la Itsukushima, karibu na Hiroshima, ambalo limesimama baharini. Inama uitazame miguu ya nguzo zake pale zinapokutana na maji, nawe utaona magamba magumu yaliyoganda, mfano wa vile viumbe vidogo vya baharini vinavyong'ang'ania miamba na nguzo za gati. Jiulize vimefikaje hapo, ilhali ziwa hili lilichimbwa na watu na maji yake ni maji baridi, ambayo viumbe wa aina hiyo hawawezi kuishi ndani yake. Jibu ni kwamba vimebandikwa. Penye lango la Itsukushima bahari hujaa na kupwa, na maji yanapopwa miguu ya lango hubaki wazi ikiwa na viumbe hao. Fundi aliyeyabandika magamba haya amekuonyesha mwendo wa bahari mahali ambapo hakuna bahari. Mimi naona hilo ni somo kamili la jiografia, ingawa mtu anaweza kulipita bila kuligusa hata kwa jicho.

Ukifika katika banda la Marekani, fanya kinyume: pandisha macho. Madirisha na milango yamekuzwa kupita kawaida ili jengo refu la ghorofa tano lionekane fupi, lenye kimo cha nyumba za karne ya 18.

Hatua ya nne: hesabu

Kuhesabu hulazimisha jicho kutulia. Katika banda la China kuna jengo la mviringo lililoigwa kutoka Hekalu la Mbingu la Beijing, kwa nusu ya ukubwa wake. Ndani yake, nguzo 4 za katikati ni misimu ya mwaka, na 12 zinazozizunguka ni miezi. Ukishapata hesabu hiyo, simama katikati kabisa ya sakafu na useme neno kwa sauti ya kawaida. Umbo la dari litakurudishia sauti yako kwa namna ambayo aliyesimama pembeni haisikii.

Hatua ya tano: penye mwendo, fuata jambo moja

Mashua ya Living with the Land hupita ndani ya vitalu nyumba na haisimami kwa ajili yako, hivyo amua mapema utakachofuata. Mimi huwaambia wanafunzi waache matunda, ambayo kila mtu huyaona, na watafute mizizi: iliyo mchangani, iliyo majini, na ile inayoning'inia hewani ikinyunyiziwa maji yenye virutubisho.

Hatua ya sita: sasa soma kibao, kisha ujipime

Andika ulichokiona kwanza, halafu linganisha na maelezo yaliyochapishwa, ukitenga kilicho halisi, kilichoigwa na kilicho pambo tu.

Kwa kujipima, nenda kwenye Mti wa Uhai, mti wa kutengenezwa katika bustani jirani ya Animal Kingdom, wenye kimo cha takriban mita 44 na zaidi ya wanyama 300 waliochongwa kwenye shina na mizizi. Ligawe shina kwa macho katika vipande, umalize kimoja kabla ya kuhamia kingine. Miongoni mwao yumo sokwe aliyechongwa kwa kumkumbuka David Greybeard, yule ambaye mtafiti wa sokwe Jane Goodall alimwona Gombe, Tanzania, mwaka 1960 akitumia jani la nyasi kutoa mchwa kichuguuni. Anza kumtafuta chini, karibu na mizizi.