Namna ya kutunga fumbo la Geocaching kuhusu Kigoma ukiwa Tabora

Geocaching ni mchezo wa kutafuta, kwa GPS ya simu, makopo yaliyofichwa na wachezaji wengine; kopo la fumbo ni lile ambalo mchezaji hujibu maswali kwanza ndipo apate viwianishi vyake, yaani latitudo na longitudo ya mahali lilipo. Mwongozo huu umetokana na kumsaidia jirani yangu, mzaliwa wa Ujiji anayefanya kazi hapa Tabora, ambaye alitaka kuwafichia wachezaji kopo litakalowapitisha kwao Kigoma, kwa njia ya maswali, kabla hawajalipata. Nachukulia kwamba msomaji amekwisha kujisajili, amewahi kutafuta makopo ya wengine, na anajua kusoma latitudo na longitudo kwenye simu yake.

Hatua ya 1: Mahali pa kuficha

Kopo hufichwa unakoishi, si unakotoka, kwa sababu kanuni zinamtaka mwenye kopo aweze kulifikia na kulitunza. Hata nukta inayoonekana kwenye ramani, ambayo kwa fumbo huwa si mahali penyewe, haitakiwi kuwa mbali na kopo kwa zaidi ya maili 2, yaani kilomita 3.2 hivi, kwa hiyo hamu ya kuiweka nukta hiyo bandarini Kigoma haina budi kuachwa, na Kigoma ikae ndani ya maswali. Hakikisha kwamba hakuna kopo jingine ndani ya mita 161, omba ruhusa kwa mwenye eneo, kisha umwarifu mwenyekiti wa mtaa, maana mtu anayepapasa shina la mwembe wakati wa magharibi huulizwa anatafuta nini.

Hatua ya 2: Maswali

Chagua mambo ya kwenu yenye jibu moja tu. Urefu wa Ziwa Tanganyika haufai, kwa kuwa vitabu hutofautiana kwa kilomita kadhaa. Siku ambayo Stanley alimkuta Livingstone Ujiji haifai pia, kwa kuwa tarehe za wawili hao hazilingani, ingawa mwaka 1871 hauna ubishi. Meli ya Liemba ni hazina ya tarakimu, lakini usiulize “ilianza lini”: iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikasafirishwa vipande vipande na kushushwa majini Kigoma mwaka 1915 ikiitwa Graf von Götzen. Uliza mwaka ambao Wajerumani wenyewe waliizamisha (1916), mwaka ilipoopolewa (1924), na mwaka iliporudi kazini kwa jina la Liemba (1927). Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, nalo ni swali zuri kwa watu wa Tabora, ambako reli hiyo ilipita kwanza.

Binafsi sipendi mafumbo ya kubadilisha herufi kwa herufi, kwani programu huyafumbua kwa sekunde chache na mchezaji haambulii chochote kuhusu mji wako.

Hatua ya 3: Kugeuza majibu kuwa viwianishi

Hapa ndipo muda mwingi hupotea, na sababu karibu kila mara ni namna ya kuandika. Mchezo huu hutumia nyuzi na dakika zenye desimali, kwa kipimo cha WGS84 (ndicho kinachotumiwa na GPS), ilhali ramani nyingi za simu huonyesha nyuzi zenye desimali, na vitabu vya shule hufundisha nyuzi, dakika na sekunde. Tuchukue mfano, ambao si mahali pa kopo la jirani yangu: S 05° 01.274' E 032° 48.614'. Tarakimu 27 ni mwisho wa 1927, 4 ni mwisho wa 1924, 6 ni mwisho wa 1916, na 14 ni mwisho wa 1914.

Mtu akisoma 01.274' kana kwamba ni dakika 1 na sekunde 27.4, atasimama takriban mita 340 kusini mwa kopo, katika uwanja wa mtu asiyehusika kabisa. Kwenye longitudo kosa hilo hujifichua, kwani sekunde 61.4 hazipo, lakini usitegemee bahati hiyo. Anayetaka kuingiza nukta hii kwenye ramani ya simu agawanye dakika kwa 60: atapata -5.021233, 32.810233. Alama ya kutoa ni lazima, kwa sababu tuko kusini mwa ikweta. Bila hiyo ramani itampeleka Sudan Kusini. Andika muundo unaotakiwa ndani ya fumbo lenyewe, tena waziwazi.

Ongeza kwenye fumbo jumla ya tarakimu za majibu, ili mchezaji ajihakikishie: 2+7+4+6+1+4 = 24. Hata hivyo jumla haigundui tarakimu zilizobadilishana nafasi, hivyo washa pia kikagua jibu kilichomo kwenye tovuti ya mchezo. Kuhusu upimaji, tarakimu ya mwisho ya dakika ni sawa na mita 1.85 hivi, na chini ya mwembe mnene simu hukosea zaidi ya hapo. Pima kwa siku tofauti, uiache simu itulie, kisha uchukue wastani.

Hatua ya 4: Kopo

Tumia plastiki ngumu yenye kifuniko cha kuskrubu. Bati hushika kutu masika, na mbao ni chakula cha mchwa. Usitumie chombo kilichowahi kuwekwa asali, hata ukikiosha. Siafu wa Tabora hawadanganyiki. Weka daftari na penseli ndani ya mfuko usiopitisha maji, na usichimbe shimo.

Hatua ya 5: Jaribio

Mpe fumbo mtu asiyetoka Kigoma, usimsaidie, na urekebishe kila swali atakalolijibu kwa namna mbili. Kisha litume likaguliwe, ukiambatanisha ufumbuzi wote na viwianishi halisi mahali ambapo mkaguzi pekee ndiye anayeviona.